Mbwa wa Kahawia

S.L.P. 117,
Mukurweini.
12 Februari 1996

Mzee Kithinji,

Salamu nyingi. Huenda jina langu limekutoka. Mimi ni Warigia, mjane wa Wamae, yule mliyelinda naye ghala la kahawa pale Sagana. Ulikuja kwenye mazishi yake mwaka juzi, ukasimama nyuma kabisa karibu na migomba, ukaondoka kabla ya chai. Anwani yako nimeitoa kwenye daftari lake.

Sikuandikii jambo kubwa. Ni mbwa. Wamae aliniachia mbwa dume wa kahawia anayeitwa Radi. Alimleta nyumbani akiwa mdogo wa kutosha kofiani, akasema atamfundisha mwenyewe, kisha maradhi yakamwahi. Tangu hapo mimi na mbwa huyu hatuelewani. Nimemfunga kwa mnyororo na anabweka mpaka sauti inakauka. Nikimpelekea chakula ananguruma. Nikishika fimbo analala chini na kukojoa. Ninafundisha darasa la saba, watoto hamsini na wawili, na hakuna hata mmoja anayenishinda. Mbwa mmoja amenishinda.

Wamae alikuwa akisema wewe unamzuia mbwa kwa kidole tu, bila neno. Binti yangu Lynn anafanya kazi Nairobi, kwa hiyo hapa nyumbani tuko wawili, mimi na mbwa. Naomba unifundishe kwa barua, kama inawezekana. Na ningependa mambo haya yabaki kati yetu. Mwalimu kushindwa na mbwa ni jambo la kuchekwa.

Ni mimi,
Warigia Wamae


Nkubu,
19 Februari 1996

Mama Lynn,

Barua imefika. Nilikukumbuka mara moja. Siku ile ya mazishi niliondoka kabla ya chai kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia na sikutaka watu wa kwenu wanione. Wamae alikuwa mtu wangu.

Kufundisha mbwa kwa barua sijawahi, lakini tujaribu. Kwanza nijibu hili. Radi ameuma mtu? Usifiche, mimi si polisi. Nauliza kwa sababu mbwa akiuma mtu anafungwa na kutazamwa siku kumi. Akimaliza siku kumi akiwa mzima, anakula, anakunywa, aliyeumwa anajua hana kichaa cha mbwa na analala usingizi. Watu wa vijijini huwa na haraka ya kuua. Mbwa akishauawa hakuna wa kutazamwa, na yule maskini anabaki na sindano na woga.

Halafu fimbo. Iondoe. Mbwa akilala chini na kukojoa, usifikiri ni heshima. Ni woga, na mbwa mwoga ndiye mimi humwogopa.

Mnyororo pia. Kama boma lina ua, ziba matundu kwa miiba kisha mfungue. Mbwa wa mnyororo anaona kila anayepita kama mtu anayekuja kumchokoza, na yeye hana pa kukimbilia.

Kwa wiki mbili asile kwenye bakuli. Ale mkononi mwako. Nunua mapafu ya ng'ombe kwa buchari, yachemshe, ukate vipande vidogo kama punje za mahindi. Keti kwenye kigoda, usimtazame machoni, nyosha mkono. Asipokuja, ngoja. Akija, usimshike kichwa.

Na kila asubuhi kabla ya shule mtembeze kwa kamba nusu saa. Mbwa asiye na kazi hujitafutia kazi, na hutaipenda ile atakayopata.

Nangoja jibu la lile swali.

Kithinji


Mukurweini,
27 Februari 1996

Mzee Kithinji,

Asante kwa barua. Kuhusu swali lako, hapana. Radi hajauma mtu.

Fimbo nimeitia motoni. Nilipofungua mnyororo alibaki pale pale amesimama, kana kwamba bado uko shingoni. Siku ya kwanza niliketi kwenye kigoda saa nzima na mapafu mkononi mpaka siafu wakanipata. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya nne alikuja akitembea kwa tumbo, akachukua kipande kimoja, akakimbia nyuma ya choo kukila. Leo amekula vyote na kuniramba kiganja. Ulimi wake una joto. Nimeishi na mbwa huyu miaka mitatu na sikuwa najua hilo.

Matembezi ni vita. Anavuta kamba hadi mabega yanauma. Watu wanatoka kwenye milango kutazama. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, unampeleka darasa la ngapi?"

Kuna jambo moja tu. Akiona mtungi wa maziwa anabadilika. Nywele za mgongo zinasimama na haoni wala hasikii. Nafikiri ni mng'ao wa bati.

Warigia


Nkubu,
8 Machi 1996

Mama Lynn,

Wacha wacheke. Mimi nilichekwa Sagana mwaka mzima, mpaka mwizi wa kwanza aliposhikwa.

Akivuta kamba, wewe simama. Usimvute, usimpigie kelele, simama tu kama mti. Akilegeza kamba, endeleeni. Siku ya kwanza hamtafika hata sokoni. Usijali, hukuwa unaenda sokoni.

Sasa mfundishe maneno matatu tu: kaa, ngoja, njoo. Mbwa hajui Kikuyu wala Kimeru, anajua sauti. Neno moja, liite mara moja. Ukiita mara tano umemfundisha kwamba nne za kwanza si kitu. Na akija, hata kama amekawia, hata kama una hasira, mpe kipande na umwambie vizuri. Usimwite kamwe ili umwadhibu.

Jioni mpe mchezo wa pua. Geuza sufuria tatu chini, weka mapafu chini ya moja, mwambie atafute. Dakika kumi za pua zinamchosha kuliko kukimbia mpaka Karatina.

Juu ya mtungi: mbwa hachukii bati. Anachukia kitu kilichompata karibu na bati. Unakumbuka chochote? Kwa sasa weka mtungi mtupu mbali, mwisho wa boma, umlishe huku anauona. Kila siku usogeze hatua moja. Usiharakishe.

Kithinji


Mukurweini,
2 Aprili 1996

Mzee Kithinji,

Ungemwona sasa usingeamini. Nikisema kaa, anakaa kabla sijafunga mdomo. Nikisema ngoja, naweza kwenda mpaka kisimani na kurudi nikamkuta pale pale, masikio yamesimama, anatetemeka kwa hamu lakini amengoja. Nikirudi kutoka shule ananipokea langoni akinung'unika kama mtoto anayeshtaki. Tangu Wamae afe hakuna aliyenipokea langoni. Jioni tunacheza sufuria, na juzi nilijisikia nikicheka peke yangu nyumbani kwangu. Nilinyamaza haraka.

Mtungi tumeufikisha hatua nane kutoka kwake. Hapo anagoma. Kwa sababu hiyo bado simpitishi njia ya kituo cha maziwa asubuhi, wakati akina mama wanapeleka maziwa. Tunazunguka na mto, na siku nyingine nachelewa kengele.

Huku kwetu watu wana wasiwasi na mbwa. Kuna mama jirani anaitwa Wachuka, aliumwa mguuni mwezi wa pili na mbwa wa Mzee Gatimu. Mbwa huyo aliuawa. Wachuka amemaliza sindano zote tano huko Nyeri lakini hana raha. Amekonda. Wanawake kanisani wakimpa maji wanamtazama kama atameza, maana wanasema mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji. Mimi ndiye niliyemfunga jeraha siku ile. Mpaka leo hunishukuru. Jumamosi aliniletea mkungu wa ndizi.

Radi anakusalimu.

Warigia


Nkubu,
13 Aprili 1996

Mwalimu,

Nimesoma barua zako zote tena, kuanzia ya kwanza, nimeziweka mezani kwa mpango.

Uliniandikia katikati ya mwezi wa pili, baada ya kukaa na mbwa huyo miaka. Kwa nini wakati ule? Ulitaka iwe siri. Mtungi wa maziwa umeutaja mara mbili, na nilipouliza ni nini kilimpata karibu na mtungi hukunijibu. Njia ya kituo cha maziwa unaikwepa mpaka unachelewa shule.

Nina swali moja tu. Huyo mama Wachuka, siku alipoumwa, alikuwa amebeba nini?

Kithinji


Nkubu,
25 Mei 1996

Mwalimu,

Sijapata jibu. Sijaudhika. Endelea kumtembeza mbwa.

K.


Mukurweini,
9 Juni 1996

Mzee Kithinji,

Alikuwa amebeba mtungi wa maziwa.

Nimeanza barua hii mara nyingi. Leo ni Jumapili, sikwenda kanisani, na nitaimaliza.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe tano Februari. Nilikuwa nimekama na kuweka mtungi mlangoni. Nilimfungua Radi ili nifagie kibanda chake, akaja mbio mlangoni, akauangusha. Maziwa yote yalimwagika. Nilichukua mtungi ule ule nikampiga nao mgongoni. Ningekuwa nimempiga mara moja ningesema ni hasira. Nilimpiga mpaka bati likabonyea. Akatoroka kupitia tundu la ua, nami nikamfuata nikitukana.

Wachuka alikuwa akiteremka na maziwa yake. Mimi nilikuwa juu, kwenye shamba la kahawa, nikawaona wote wawili. Radi alipouona mtungi mkononi mwake alimrukia kabla hajageuka. Aliuma mara moja akarudi mbio kwangu. Kwangu, Mzee. Hakuwa na kwingine.

Nilimfunga. Nikaleta beseni la vyombo nikamwosha mdomo. Halafu nikavua kitambaa changu cha kichwa, nikateremka kwa Wachuka kama mtu aliyesikia kelele tu, nikamfunga mguu. Nikamwuliza, "Alikuwa wa rangi gani?" Mimi ndiye niliyemwuliza. Akasema wa kahawia, hakuona zaidi, alikuwa ameanguka kifudifudi.

Kila mtu alijua Radi hafunguliwi. Mbwa mwingine wa kahawia alikuwa Popi wa Mzee Gatimu, mzee aishiye peke yake kwenye mkono wa chini wa barabara. Popi alizurura kila mahali na hakuwahi kumkaripia hata kuku. Naibu chifu alisema malalamiko yaandikwe. Watu wakasema Mwalimu ana mwandiko mzuri. Niliketi kwenye kiti changu cha darasani nikaandika: "Sisi wakazi tunalalamika juu ya mbwa wa kahawia wa Mzee Gatimu, anayezurura bila kufungwa na ambaye amemjeruhi mama mmoja." Iliposomwa kwa naibu chifu, Gatimu alisimama akasema mbwa wake alikuwa naye kwenye kahawa tangu alfajiri. Watu walinitazama mimi. Nami nikatazama karatasi.

Popi alipigwa mawe siku ya Alhamisi. Nilikuwa ninafundisha desimali. Darasa lote lilisikia, na mtoto mmoja aliniuliza kama ninaumwa.

Ndipo nikakuandikia. Barua yako ya siku kumi ilipofika, siku kumi zilikuwa zimepita na Radi alikuwa mzima, anakula na kunywa. Ningetembea hatua mia tatu nikamwambie Wachuka alale usingizi. Badala yake nilichukua kalamu nikakuandikia "hapana".

Nilijiambia ninamwokoa mbwa. Si kweli. Wakati ule hata sikumpenda. Niliogopa darasa la saba wasije wakanitazama kama watu walivyomtazama Gatimu. Sasa nampenda, na hiyo imekuwa mbaya zaidi, kwa sababu kila jambo jema analolifanya linaniambia kwamba hakuwa mbwa mbaya. Ningemwita kwa upole siku moja tu katika miaka mitatu, Popi angekuwa hai.

Zile ndizi za Wachuka niliwapa ng'ombe.

Warigia


Nkubu,
17 Juni 1996

Mwalimu,

Nimesoma. Sitakwambia usilie.

Nenda kwa Wachuka kwanza. Watu wamemwambia kichaa cha mbwa hukaa mwilini miezi kabla ya kutokea, na ni kweli kinaweza. Huyo mama anahesabu siku zake. Usingoje Jumapili, usingoje upate maneno mazuri. Siku utakayoipata barua hii, mfunge mbwa kamba, umpeleke, amwone kwa macho yake. Kisha nenda kwa Gatimu. Usibebe sukari. Ukibeba sukari utakuwa umekwenda kutembea tu kama mgeni.

Mimi sitamwambia mtu. Lakini juu ya mbwa sitakuandikia tena mpaka uwe umeenda.

Kithinji


Mukurweini,
1 Julai 1996

Mzee Kithinji,

Barua yako ilifika Alhamisi, na Alhamisi hiyo hiyo nilienda moja kwa moja baada ya shule.

Wachuka alikuwa uani anapepeta maharagwe. Alipoona mbwa alirudi nyuma mpaka ukutani, lakini bado akasema, "Karibu Mwalimu, ngoja niweke chai."

Nikamwambia, "Usiweke chai." Nikamwambia Radi akae. Akakaa. Nikasema yote nikiwa nimesimama.

Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na ako mzima?"

"Yuko mzima. Tangu siku ile hajaugua hata siku moja."

Akaingia ndani akatoka na karai la maji, akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya mbwa. Radi alinitazama kwanza, kisha akanywa. Wachuka alichuchumaa, akamtazama akinywa mpaka akaanza kuramba karai tupu. Halafu akaenda akajichotea kikombe chake, akanywa akiwa amesimama, maji yakimteremka shingoni hadi kwenye nguo.

"Karibu miezi mitano," akasema. "Bwanangu alinihamishia jikoni. Watoto wangu walikatazwa kikombe changu. Kila nikikohoa mtu anageuka. Na wewe unaketi benchi ya mbele kanisani, unanipungia mkono."

Nilianza kusema naomba, akainua kiganja.

"Enda, Mwalimu. Leo siwezi kukutazama."

Nilimrudisha Radi nyumbani, kisha nikateremka kwa Gatimu mikono mitupu. Alikuwa kwenye kahawa anapogoa. Nilipomaliza kusema aliendelea kukata tawi alilokuwa nalo mpaka likaanguka.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Siku ile Popi alikuwa amelala hapo ulipokanyaga. Na kijiji ilikuwa na mbwa wawili wa kahawia. Hesabu hiyo haitaki mwalimu."

"Mbona hukusema, Mzee?"

"Nilisema. Wewe uliandika."

Nilipiga magoti pale kwenye majani. Akaniambia niamke, magoti yangu hayana kazi kwake. Alichotaka ni barua nyingine, kwa mwandiko ule ule, isomwe mahali pale pale mbele ya watu wale wale. Na niisome mimi mwenyewe.

Tulikutana Ijumaa kwa naibu chifu. Nimesimama mbele ya watu miaka kumi na tisa, lakini si mbele ya macho kama yale. Neno "niliosha" nililiruka, ikabidi nirudie mstari. Wazazi wa wanafunzi wangu walikuwa hapo. Mkuu wa shule alitazama viatu vyake. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Na huyu ndiye anafundisha watoto ukweli?" Wachuka aliketi kando.

Kisha mtu akapiga kelele kwamba mbwa wangu naye auawe, na wengine wawili wakainama kuokota mawe. Radi nilikuwa nimemleta kama naibu chifu alivyoamuru. Nilisimama mbele yake. Nilijua nimekosa haki hata ya kumkinga, lakini nilisimama.

Gatimu akaja na bakora yake akasimama kando yangu. "Wekeni mawe chini," akasema. "Mbwa moja mliua mkikosea. Ingine hamtaua mkisema ni haki." Naibu chifu akamwuliza anataka nini basi. Akafikiri, akasema, "Niko peke yangu kule chini. Nataka huyu mbwa aje kwangu."

Mzee Kithinji, nilimpa kamba. Radi alitaka kunifuata. Nikamwambia, "Ngoja." Akakaa. Akangoja, akinitazama, kwa sababu nilimfundisha vizuri. Niliondoka nikaenda mpaka nyumbani bila kugeuka, na sijui alingoja kwa muda gani.

Shuleni bado nimo. Mkuu wa shule amesema atafikiria. Darasa la saba hawaniulizi kitu.

Warigia


Nkubu,
10 Julai 1996

Mwalimu,

Umeenda. Vizuri.

Sasa sikiliza, hii ni ya mbwa. Kwa wiki kadhaa usimwite. Ukimpita usimwite, hata kama anakuita yeye. Mbwa akiitwa na watu wawili anavunjika katikati. Mfundishe mzee yale maneno matatu na umpe mpango wa mapafu, kisha ujitenge.

Na kuhusu kuvunjika moyo, sina dawa. Nilipoacha kazi Sagana nilimwachia mtu mwingine mbwa niliyekuwa naye miaka saba. Bado namwota.

Kithinji


Mukurweini,
4 Agosti 1996

Kwa Bwana Kithinji,

Habari ya huko Meru. Mimi ni Gatimu wa hapa Mukurweini. Wewe hunijui lakini Mwalimu Warigia amenipa anwani yako. Alitaka kuniandikia hii barua nikakataa. Nimeandika na mkono yangu, ile nilijifunza ngumbaru nikiwa mtu mzima, kwa hivyo usiangalie makosa.

Niko na ile mbwa. Ni mbwa mzuri sana. Anakaa, anangoja, anakuja mara moja nikiita. Nimemfundisha kubeba kikapu ya kahawa ikiwa tupu, na wamama wakipita na mitungi ya maziwa saa hii anaangalia tu. Wachuka mwenyewe alimpa ukoko ya uji juzi. Alimpa kwa mbali, lakini alimpa.

Shida ni asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu anaenda kwa lango na kuangalia barabara. Hali, hachezi, anaangalia barabara. Ni wakati Mwalimu alikuwa anamtembeza. Mwalimu naye alikuwa ameacha kupita hapa, alikuwa anazunguka na mto, ati wewe ulimkataza. Watu wameniambia nimfunge mnyororo atasahau. Mimi sitafunga mbwa.

Nataka kuuliza wewe unayejua. Mbwa anaweza kuwa na watu wawili? Kama anaweza, niambie tufanye namna gani. Kama hawezi, niambie pia.

Huyo mama sijamsamehe. Usifikiri nimesamehe. Popi alikuwa na mimi miaka tisa, na alizikwa bila mimi, maana nilishindwa kwenda kuangalia. Lakini wiki iliyopita nilienda mpaka kwake nikamwambia aache kuzunguka na mto kama mwizi, apite njia ya watu. Asimwite mbwa, apite tu.

Jana alipita. Mbwa alisimama, mkia ikaenda, akalia kidogo. Mwalimu hakumwita. Nilimwona amejifunga mdomo na mkono, anatembea akiangalia chini. Tangu mwezi ya pili sijamsalimia huyo mtu kwa barabara. Sasa nikaona mimi ndiye mkubwa, na asiposalimiwa na mimi hakuna mwingine ataanza.

Nikamwambia, "Mwalimu, umeamkaje?"

Alipita hivyo hivyo. Kesho akipita nitamuuliza tena.

Nangoja jibu yako.

Ni mimi,
Gatimu